Jua, Umande na Viazi vya Babu

Mhariri wa gazeti letu ameniandikia kwamba sehemu ya Kiswahili ina mashairi ya kutosha, na habari za mpira zaidi ya kutosha, lakini haina makala ya sayansi hata moja. Ameniomba mimi niliyesoma hapa zamani nijaribu. Basi nitajaribu, na nitaanza na swali ambalo si langu. Aliliuliza rafiki yangu mmoja tulipokuwa mwaka wa pili, katika kipindi cha Fizikia baada ya chakula cha mchana, wakati ambapo nusu ya darasa husinzia.

"Mwalimu," alisema, "tangu dunia ianze, jua latumwagia joto kila siku bila kupumzika. Mbona hatujaungua?"

Tulicheka sana. Mwalimu hakucheka. Alifunga kitabu chake akatuambia tumfuate nyuma ya jiko la shule.

Hapo palikuwa na pipa kuukuu la maji, lenye tundu la ukubwa wa kidole karibu na kitako chake. Mwalimu aliliweka chini ya bomba, akafungulia kidogo. Maji yakaanza kujaa, na mara yakaanza kutoka tunduni, kwanza yakichuruzika kivivu kwenye ubavu wa pipa, kisha, kadiri yalivyopanda ndani, yakiruka mbali zaidi na zaidi. Yalipofika karibu nusu ya pipa yakasimama. Bomba lilimimina vile vile, tundu likatoa vile vile, na maji ndani hayakupanda wala hayakushuka. Kisha akafungulia bomba zaidi. Maji yakapanda tena, yakasimama mahali pa juu kuliko kwanza.

"Bomba ni jua," alisema. "Pipa ni dunia, na kimo cha maji ni joto lake. Sasa niambieni tundu liko wapi." Kengele ikalia, tukatawanyika, na wengi wetu tulifikiri zaidi juu ya lile pipa kuliko juu ya swali.

Tuanze na bomba. Jua li mbali nasi kiasi cha kilometa milioni 150, na mwanga wake hutumia dakika nane na kidogo kutufikia. Uso wake una joto la digrii 5,500 hivi za Sentigredi. Huko juu, kabla miali haijaingia katika hewa yetu, kila meta moja ya mraba inayolielekea jua sawasawa hupokea nguvu za wati 1,361 hivi, yaani zaidi ya taa kumi na tatu za zile za kizamani za wati mia mia. Lakini dunia ni tufe, si sahani. Nusu yake i gizani, na katika nusu yenye mchana ni mahali padogo tu ambapo jua liko utosini; penginepo miali huja kwa mshazari na kutandaa juu ya eneo kubwa. Ukiligawa pato hilo kwa uso wote wa dunia, mchana na usiku, mgawo ni robo yake, yaani wati 340 kwa kila meta ya mraba. Wapendao Hesabu wataona mara moja kwa nini ni robo: dunia hulikinga jua kwa eneo la duara, πr², lakini uso wa tufe ni 4πr².

Wala si zote tunazozitia mfukoni. Karibu wati 100 hurudishwa papo hapo na mawingu, vumbi, theluji na mchanga mweupe, zisitupashe joto hata kidogo. Ndiyo sababu wale waliokwenda mwezini waliiona dunia iking'aa. Zabaki 240 hivi. Katika hizo kama 80 hunywewa na hewa na mawingu, na kama 160 hufika chini, zikanywewa na bahari, udongo, majani, mabati ya bweni, na vichwa vya wanafunzi walio katika gwaride.

Hapa nataka kusimama kidogo kwa ajili ya saa, kwa kuwa ni jambo ambalo kila mtu aweza kulihakikisha mwenyewe. Wengi hudhani saa ya joto kali ni saa sita mchana. Kwetu huku magharibi ya Uganda hata jua lenyewe haliko juu kabisa saa sita. Saa zetu zimepangwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, nasi tuko kwenye digrii 30 hivi. Na jua hutumia saa nzima kuzimaliza digrii hizo 15. Kwa hiyo adhuhuri yetu ya kweli ni saa saba. Tena hata saa saba joto halijafika kileleni; laendelea kupanda mpaka saa tisa, pengine saa kumi. Kumbukeni pipa. Baada ya saa saba bomba limeanza kupunguzwa, lakini bado lamimina kuliko tundu litoavyo, basi maji yazidi kupanda. Hali kadhalika baridi kali kabisa si ya usiku wa manane bali ya mapambazuko, kwa maana usiku kucha bomba limefungwa na tundu li wazi. Mwanafunzi yeyote aliyepata kuamshwa kwa mbio za asubuhi hahitaji kuelezwa.

Na tundu je? Joto haliwezi kuiacha dunia kwa kugusana na kitu, wala kwa kuchukuliwa na upepo, kwa kuwa nje ya hewa yetu hakuna cha kugusa wala upepo wa kuvuma. Njia ni moja tu, nayo ni ile ile iliyolileta: miali. Kila kitu chenye joto hutoa miali, hata ukuta, hata jiwe, hata wewe unayesoma. Mhunzi akitoa chuma motoni hung'aa chekundu. Kikipoa, wekundu hutoweka, lakini ukikiwekea kiganja karibu bila kukigusa wasikia joto lake bado. Miali ingalipo, imeshuka tu chini ya wekundu, mahali ambapo jicho haliioni. Wataalamu huiita infraredi.

Mwaka 1879 Josef Stefan wa Austria aliipata kanuni ya miali hiyo, na ni kanuni ya ajabu. Hesabu joto la kitu kutoka sifuri halisi, ambayo ni digrii 273 chini ya sifuri ya Sentigredi. Ukiliongeza joto hilo mara mbili, miali haizidi mara mbili wala mara nne, bali mara kumi na sita. Hilo ndilo jibu la rafiki yangu. Dunia ikipata joto zaidi, nayo hutoa zaidi, na hutoa kwa pupa, mpaka pato na matumizi yalingane. Haiwezi kuendelea kujaa bila kikomo, kama vile lile pipa lisivyoweza.

Mwalimu alitufanyisha jaribio la makopo mawili ya maziwa, na nawasihi mlifanye. Moja lisugueni kwa mchanga mpaka ling'ae, la pili lipakeni masizi ya jiko. Yajazeni maji sawasawa, yafunikeni, yawekeni juani. La masizi litapata moto upesi. Hilo kila mtu hulitabiri. Sasa yajazeni maji ya moto yaliyotoka katika birika moja, myaweke kivulini pasipo upepo. Ni lipi litakalopoa kwanza? Darasa letu lilipiga kura kwamba lile jeusi "hushika joto", na darasa letu lilishindwa. Kopo lile lile jeusi hupoa kwanza. Kinachojua kupokea miali ndicho kinachojua kuitoa.

Mpaka hapa mambo ni mepesi. Lakini fanyeni hesabu ya Stefan kwa wati zetu 240, muone dunia yapaswa kuwa na joto gani ili itoe kiasi hicho. Jibu ni digrii 18 chini ya sifuri! Maji ya Ziwa Bunyonyi yangekuwa jiwe. Na joto la wastani la uso wa dunia kwa kweli ni kama digrii 15 juu ya sifuri. Digrii 33 zimetoka wapi?

Zimetoka katika hewa. Nitrojeni na oksijeni, ambazo ni sehemu 99 katika 100 za hewa kavu, huiacha miali ya dunia ipite kana kwamba hazipo. Lakini mvuke wa maji na hewa ya ukaa huimeza. Mwaka 1856 Bibi Eunice Foote wa Marekani aliweka hewa mbalimbali katika vyombo vya kioo juani, akaona kwamba chombo chenye hewa ya ukaa kilipata moto kuliko vingine. Miaka mitatu baadaye John Tyndall, huko London, alipima jinsi mvuke na hewa ya ukaa zinavyoizuia miali isiyoonekana. Zikiisha kuimeza huitoa tena, nyingine kwenda juu na nyingine kurudi chini. Ardhi hutoa karibu wati 400 kwa kila meta ya mraba, na hewa pamoja na mawingu huirudishia kama 340. Tazameni vizuri hesabu hiyo: tunachopokea kutoka hewani, mchana na usiku, ni zaidi ya mara mbili ya kile tunachopokea ardhini kutoka katika jua lenyewe. Mwezi uko mbali na jua sawa na sisi, lakini hauna hewa. Mchana wake hufika digrii 120, na usiku wake hushuka chini ya digrii 130 za baridi.

Mimi niliyajua hayo yote kwa kuyakariri, nikayaandika katika mtihani, nikapata maksi zangu. Kuyaelewa kulikuja na viazi.

Babu yangu alikuwa na shamba bondeni huko Kigezi, mahali ambapo zamani palikuwa na kinamasi cha mafunjo kabla hakijakaushwa. Udongo wake ni mweusi, na viazi ulaya vilimea humo kwa wingi. Ada yangu ilitoka humo. Mwezi wa Julai wa mwaka ule, asubuhi moja, alishuka akakuta majani yote meusi, yamelegea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Shamba la jirani yake, lililo juu kidogo kwenye mteremko, halikuguswa hata jani. Na jirani huyo walikuwa wamegombana naye juu ya mpaka.

Mwajua maneno ya kijijini. Hata jioni haijafika, habari ilikwisha kuenea kwamba shamba la mzee limetiwa dawa. Nilipokwenda likizo mwezi wa Agosti nilikuta Babu hasalimiani tena na jirani, watoto wa nyumba mbili hawachoti maji pamoja, na wajomba zangu wawili wanasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Mambo yalikuwa karibu kuharibika kabisa.

Nilikuwa nimeazimwa vipimajoto vitatu na Mwalimu kwa ajili ya kazi ya likizo. Nikamwambia, "Babu, nipe usiku mmoja tu."

"Usiku wa nini, mjukuu wangu?"

"Wa kwenda shambani kabla hakujapambazuka."

Alinitazama kama mtu anayetazama ada yake ikipotea mara ya pili. Hata hivyo alikubali. Nilingoja jioni ya mbingu safi, isiyo na wingu wala upepo. Kipimajoto kimoja nilikilaza majanini bondeni, cha pili nikakitundika juu ya mti hapo hapo, kimo cha kifua, na cha tatu nikakilaza majanini kwenye mteremko, kwa ruhusa ya jirani, ambaye alikuwa haelewi nataka nini lakini alifurahi kwamba mtu wa nyumba yetu amemsemesha. Kisha bondeni nikasimamisha vijiti vinne na kutandika mkeka juu yake, kama dari ndogo isiyofika magotini.

Alfajiri tulishuka na taa. Bonde lilikuwa jeupe: sakitu, yaani umande ulioganda. Kipimajoto kilicholala majanini kilisoma chini ya sifuri, na kile cha kifuani, hapo hapo, kilisoma digrii tatu juu yake. Kule mteremkoni majani yalikuwa na umande wa kawaida tu. Babu aliinama akapitisha mkono chini ya mkeka. Majani ya huko yalikuwa mabichi, hayana sakitu. Akautoa, akagusa majani meupe ya nje, akaurudisha tena chini ya mkeka. Alifanya hivyo mara tatu bila kusema neno.

Maelezo yake ni haya. Usiku wa kiangazi huko mlimani hewa ni kavu na mbingu ni tupu. Ardhi hutoa miali yake, na kinachorudi ni kidogo kuliko siku za mawingu, kwa sababu mvuke ni haba. Jani ni jembamba, halina akiba ya joto, basi hupoa hata kuipita hewa inayolizunguka. Ule mkeka, ijapokuwa haukuwa na moto wowote, ulikuwa na joto kuliko mbingu, nao ulirudisha miali chini. Tena hewa iliyopozwa na ardhi huwa nzito. Huteremka polepole kama maji na kujikusanya bondeni, ndiyo maana mteremko ulisalimika. Na zamani za mafunjo, maji ya kinamasi yalikuwa yakiweka akiba ya joto la mchana na kuitoa usiku. Walipokikausha, bonde lilipata udongo mzuri likapoteza akiba yake.

Sikumweleza Babu habari za Stefan. Siku ile ile, jua lilipopanda, alimtuma shangazi atengeneze kibuyu cha bushera, akakipeleka mwenyewe kwa jirani. Waliketi mpaka jioni. Mpaka wa shamba, nasikia, haujamalizika kubishaniwa mpaka leo, lakini huo ni ugomvi wa watu wazima wenye akili zao. Mwaka uliofuata viazi vya kiangazi vilipandwa mteremkoni, na bondeni pakaachiwa ng'ombe.

Sasa rudini pamoja nami kwenye pipa, maana jambo moja Mwalimu hakutuonyesha. Bomba usiliguse. Chukua kipande cha tambara, ukisukume tunduni kiasi cha kuliziba kidogo. Maji yatafanyaje? Kwa muda yatatoka machache kuliko yanayoingia, kwa hiyo yatapanda, na yakipanda yatasukuma kwa nguvu zaidi, mpaka yatoke tena sawa na yanayoingia. Lakini yatakuwa yamesimama juu zaidi.

Tambara hilo ni hewa ya ukaa tunayoiongeza kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu. Kabla ya viwanda kuenea, katika kila sehemu milioni moja za hewa, za ukaa zilikuwa 280 hivi. Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, akakuta kama 315. Leo zimepita 420. Svante Arrhenius wa Sweden alikwisha kupiga hesabu mwaka 1896 kwamba nyongeza kama hiyo ingepandisha joto la dunia. Wapo wasemao kwamba kilichozidi ni jua. Lakini jua lapimwa kwa setilaiti tangu mwaka 1978, na limekuwa likipanda na kushuka kwa kiasi cha sehemu moja katika elfu kila miaka 11 hivi, bila kuongezeka. Tena kama jua ndilo lililozidi, hewa ya juu sana nayo ingepata joto. Kumbe huko juu kumepoa huku chini kukipata joto, kama itakavyokuwa tundu likizibwa. Kwa sasa kinachoingia chazidi kinachotoka kwa karibu wati moja kwa kila meta ya mraba. Ni kama tone, ila dunia ina meta za mraba trilioni 510. Sehemu tisa katika kumi za ziada hiyo huzama baharini, na ndiyo sababu maji ya bahari yanafutuka na kupanda.

Sisi hatuna bahari, lakini tuna Rwenzori. Mtawala wa Abruzzi wa Italia alipopanda kilele cha Margherita, meta 5,109, mwaka 1906, barafu ya milima ile ilikuwa zaidi ya kilometa sita za mraba. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki kama kilometa moja. Wataalamu walibishana sana juu ya sababu: wengine walisema ni joto la hewa, wengine wakasema ni upungufu wa unyevu na mawingu, ambao huacha jua likipiga barafu na theluji isianguke ya kutosha. Ninyi mliokwisha kusoma mpaka hapa mwaona kwamba pande zote mbili wanabishana juu ya daftari moja, la kuingia na kutoka. Na jambo moja halibishaniwi. Theluji mpya hurudisha zaidi ya sehemu nane katika kumi za mwanga uipigao. Jiwe jeusi lililo chini yake hunywa karibu wote. Kila barafu inapojikunja, jiwe hutokeza pembeni, lapata moto, nalo laiyeyusha ile iliyobaki.

Nawaachia kazi mbili. Ya kwanza: paa la bweni lina urefu wa meta 20 na upana wa meta 8, na adhuhuri ya jua kali hupokea wati 1,000 kwa kila meta ya mraba. Ni birika ngapi za wati 2,000 zingeweza kuchemka kwa nguvu hizo? Na mkiisha kupata jibu, niambieni kwa nini mabati hayo hayo hulia ta! ta! kila jioni mnapoanza kusoma. Ya pili: usiku usio na mawingu wekeni sahani mbili za maji, moja katikati ya uwanja wa mpira na moja chini ya mparachichi, mzipime kabla ya kengele ya asubuhi, mwandike na hali ya umande kwenye majani ya pande zote mbili. Mpelekeeni mhariri kabla ya mwisho wa muhula. Mwalimu aliniachia kimoja katika vile vipimajoto vitatu, kile kilicholala bondeni, na atakayefanya jaribio kwa uangalifu kuliko wengine nitampelekea.